Daftari na Mali: Mhadhara juu ya Kumbukumbu za Mlezi wa Watoto



Najua kila mmoja wenu amefika hapa baada ya kutwa nzima ya kubeba, kulisha, kufuta machozi na kusuluhisha magomvi ya vigari vya mbao, na kwamba wengi wenu mtakaporejea majumbani usiku huu, badala ya kulala, mtafungua majalada na kuanza kuandika. Hilo la mwisho, yaani kuandika usiku mambo ya mchana hata mwandishi akaamka asubuhi hana tena nguvu ya kuyatazama mambo ya siku mpya, ndilo lililonifanya niukubali mwaliko wa kuzungumza nanyi jioni hii.

Wazee wetu wa pwani, ambao maisha yao yalikuwa ya jahazi na duka, ya kumkopesha mtu leo na kumdai msimu ujao, walituachia neno ambalo hapana shaka kila mmoja wenu alilisikia utotoni: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni neno la kweli, nami sikuja kulipinga. Lakini tuzingatie kwamba wazee hawa hawakusema kuwa daftari ndilo mali. Mwenye duka aliyeijua kazi yake aliandika kwa mkato, jina la mkopaji, pishi ngapi za mchele, mwezi gani, kisha akafunga kitabu na kumgeukia mteja aliyesimama mbele yake. Na yule ambaye angeshinda kutwa akiandika, mgongo ameuelekeza mlangoni, angemiliki daftari safi kuliko yote sokoni na duka lisilo mtu. Maudhui yangu yote ya leo yamo katika tofauti ya watu wawili hawa.

Kazi ninayoizungumzia ni ile inayofanywa na wengi wetu tulio huku Uingereza: mtu kupokea watoto wa wenziwe nyumbani kwake, kwa ujira, kwa idhini ya serikali, akawalea mpaka wazazi warudi kutoka kazini. Nasema ya England khasa, kwa kuwa Scotland na Wales zina taratibu zao. Sheria ya mwaka 1948 ndiyo iliyomtaka mlezi wa namna hii aandikishwe na wakuu wa mji wake. Mwaka 2001 kazi ya kuwaandikisha na kuwakagua walezi iliondolewa katika halmashauri za miji ikatiwa mikononi mwa Ofsted, idara ya ukaguzi ya serikali. Na chini ya Sheria ya Malezi ya Watoto ya mwaka 2006 ukatoka ule Mfumo wa Msingi wa Miaka ya Awali, ulioanza kutumika Septemba 2008, ambao mlezi wa nyumbani aliwekwa chini yake sawasawa na shule ya watoto wadogo yenye walimu kumi na karani.

Hapo, kwa rai yangu, ndipo mizani ilipoanza kulemea upande mmoja. Mlezi wa nyumbani anaruhusiwa watoto wasiozidi 6 walio chini ya miaka 8, na katika hao wasizidi 3 wenye umri wa chini ya miaka 5, na kwa kawaida asizidi 1 aliye chini ya mwaka mmoja. Na kwa idadi hiyo yeye ndiye mwalimu, ndiye mpishi, ndiye mfagizi, ndiye mhasibu, wala hana msaidizi wa kumwambia, wewe waangalie hawa nami niandike. Mfumo wa 2008 ulikuwa na malengo 69 ambayo mtoto alitazamiwa kuyafikia mwisho wa mwaka anaotimiza miaka mitano. Na ingawa kitabu cha mwongozo kilichofuatia kilionya kwamba maelezo yake ya makuzi yasigeuzwe orodha ya kutia alama, watu tuliyageuza orodha vivyo hivyo, tukayachapa, tukayatia rangi, na kwa kila mstari tukatafuta picha na karatasi ya kuuthibitisha. Mwaka 2011 Bibi Clare Tickell, aliyepewa na serikali jukumu la kuuchunguza mfumo ule, alishauri upunguzwe, na mwaka 2012 malengo yakashushwa kutoka 69 hadi 17, katika nyanja 7 za kujifunza, tatu za msingi na nne mahususi. Malengo yakapungua, makaratasi hayakupungua, kwa sababu hayakuwa yametoka katika malengo peke yake, bali yalitoka pia katika khofu.

Niruhusuni nitoe ushahidi wa nafsi yangu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mtoto wa wazazi wa Kipoland, mvulana wa miaka miwili na nusu, ambaye nyumbani kwangu alikuwa hasemi neno. Jalada lake lilikuwa na kurasa zaidi ya 60: picha, vikaratasi vya rangi vya kunata, alama za vema katika visanduku, na tarehe katika kila kona. Jioni moja mama yake, akiwa amesimama mlangoni na koti lake la mvua, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu akiwa hapa kwako, hufurahi na nini?" Nikaenda haraka kulichukua jalada, nikafungua, nikamsomea kwamba mwanawe anaweza kupanga matofali manne, anaweza kupanda ngazi kwa kushika ukuta, anatambua rangi mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo nayaona hata nyumbani. Nimeuliza anafurahi na nini." Nami, mama zangu, nikazipekua kurasa zile 60 kutoka mwanzo hadi mwisho, na jawabu halikuwamo; wala halikuwamo kichwani mwangu, kwa sababu kila mtoto yule alipofanya jambo mimi nilikuwa nimeinama naandika jambo lililotangulia.

Usiku ule nilipiga hesabu, nanyi mnaweza kuipiga pamoja nami. Nilijiwekea sharti la kuandika mambo matatu ya kila mtoto kila siku, nami nilikuwa na watoto 3. Kila andiko, pamoja na kutafuta sanduku lake na picha yake, lilinichukua dakika 10. Hizo ni dakika 90 kwa siku, na kwa siku 5 za kazi ni saa 7 na nusu kwa juma, yaani karibu siku nzima ya kazi katika kila juma niliyoiondoa kwa watoto, au kwa usingizi wangu, au kwa watoto wangu niliowazaa mwenyewe. Na kwa siku ile nzima iliyopotea sikuweza kumjibu mama mmoja swali moja.

Asubuhi iliyofuata niliiweka kalamu juu ya kabati, nikakaa chini sakafuni, nikamtazama. Kabla ya adhuhuri nilikwishapata jawabu. Gari la taka lilipopita nyuma ya nyumba, mtoto yule aliacha kila alichokishika, akakimbilia mlango wa kioo wa jikoni, akaitandaza mikono yake miwili juu ya kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, na kwa sauti ya chini, sauti niliyokuwa sijapata kuisikia, akasema neno. Sikulifahamu. Jioni nikamwigizia mama yake lile neno kadiri ulimi wangu ulivyoweza, naye uso ukamkunjuka: lilikuwa ni jina la gari la taka kwa lugha yao. Basi mtoto hakuwa bubu wala hakuwa mzito. Alikuwa na maneno yake, na mimi ndiye niliyekuwa sina masikio ya kuyasikia. Nikaandika mistari mitatu tu: alilolifanya, alilolisema, na nitakalolifanya mimi, nalo ni kumtoa nje saa gari linapopita, nijifunze neno lake, nimpe na la Kiingereza kando yake. Wiki chache baadaye alinijibu kwa maneno yote mawili. Mistari ile mitatu ilifanya kazi ambayo kurasa 60 hazikuifanya, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni kwa nini.

Ili kulijibu swali hilo kwa utaratibu, nitaazima istilahi za mafakihi wetu, kwa njia ya mfano tu na kwa adabu zote, kwani zinaigawa kazi vizuri kuliko istilahi nyingine nizijuazo. Katika makaratasi ya mlezi kuna faradhi, kuna sunna, na kuna bidaa; na taabu yetu kubwa ni kwamba tumeifanya bidaa kuwa faradhi, tukachoka, na katika kuchoka tukaja kuzembea hata faradhi yenyewe.

Faradhi ni yale ambayo sheria inayadai, nayo si mengi kama watu wanavyodhani. Lazima uwe na jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, makazi yake, majina ya wazazi na nani mwenye haki ya kisheria juu yake, na namna ya kuwapata wazazi ikitokea dharura. Lazima uandike kila siku nani amekuja na saa ngapi. Lazima uandike ajali na matibabu uliyoyatoa, na kila dawa kila inapotolewa, na mzazi ajulishwe. Lazima uandike malalamiko na namna ulivyoyashughulikia. Na katika mambo ya elimu, lazima mtoto anapokuwa baina ya miaka miwili na mitatu uwape wazazi muhtasari mfupi ulioandikwa wa maendeleo yake katika zile nyanja tatu za msingi, ambazo ni mawasiliano na lugha, makuzi ya mwili, na makuzi ya nafsi na hisia na kuishi na wenziwe, uonyeshe anapofanya vyema na anapohitaji msaada. Hata sera za nyumba yako, mlezi wa nyumbani hakulazimishwa kuziandika, maadamu anaweza kuzieleza kwa wazazi na kwa mkaguzi anapoulizwa.

Katika faradhi hizi kuna moja ambayo naitenga na zote, nayo ni khofu juu ya usalama wa mtoto. Ukiona alama mwilini usiyoielewa, au mtoto akakwambia neno lililokushtua, hapo hapana muhtasari wala hapana kesho: andika siku ile ile, saa na mahali, maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, ulichokiona kwa macho yako bila kukichanganya na dhana yako, utie sahihi, ukapeleke khabari panapostahiki. Na moja ya sababu zinazonifanya nichukie makaratasi ya bure ni hii: kwamba mlezi aliyechoshwa na karatasi 50 zisizo na maana huenda akaiandika kwa uzembe ile moja ambayo maisha ya mtoto yameegemea juu yake.

Sunna ni utazamaji wenyewe wa kila siku, ambao ni mzuri, una thawabu, na mlezi hodari hauachi, lakini kiasi chake na namna yake ameachiwa mwenyewe. Na si mimi ninayesema hivyo. Tangu Septemba 2021 Mfumo wenyewe unaeleza bayana kwamba tathmini isimwondoe mlezi kwa muda mrefu katika kuzungumza na kucheza na watoto, wala isihitaji makaratasi ya kupita kiasi, na kwamba mlezi ategemee namna anavyomjua mtoto na hukumu yake ya kitaalamu, bila kudaiwa kuithibitisha kwa kukusanya ushahidi wa kushikika. Januari 2024 walezi wa nyumbani tukapewa toleo letu wenyewe la Mfumo, lililotenganishwa na la shule. Basi anayetwambia leo kwamba serikali inataka picha tano kwa juma, mwambieni atuonyeshe ukurasa.

Kuhusu namna ya kutazama, nataka niwakumbushe watu wawili wa nchi hii hii. Wa kwanza ni Charles Darwin, ambaye mwanawe wa kwanza, William, alizaliwa Desemba 1839, naye akaweka daftari la mambo ya mtoto yule. Na miaka 37 baadaye, mwaka 1877, akalifungua na kutoa makala fupi katika jarida la Mind. Humo anasimulia kwamba mtoto, akiwa na miezi minne na nusu, alizoea kutabasamu mbele ya kioo akiiona sura yake na ya baba yake, naye bila shaka alizidhani kuwa ni watu. Lakini baba alipotoa sauti nyuma yake alistaajabu, na katika muda usiofika miezi miwili akafahamu kuwa ile ni taswira tu. Angalieni jinsi lilivyo dogo jambo lile, na jinsi lilivyobeba maana. Mwanachuoni yule aliyezoea kuandika vitabu vinene hakuandika kila mara mtoto alipokula au alipolala. Aliandika pale fahamu ya mtoto ilipopiga hatua, na kwa sababu hiyo, baada ya miaka 37, maandiko yake yalikuwa bado yanasomeka.

Wa pili ni Bibi Susan Isaacs, aliyeiongoza shule ya Malting House mjini Cambridge kutoka 1924 hadi 1927, na kutokana na kumbukumbu za shule hiyo akatoa vitabu viwili mashuhuri, mwaka 1930 na 1933. Katika kumbukumbu zake mna khabari ya watoto waliomzika sungura wao aliyekufa, kisha wakaanza kubishana, yungali kaburini au amekwenda mbinguni. Wakafukua ili wajue, wakamkuta. Bibi huyu aliandika waliyoyasema na waliyoyatenda, na tafsiri yake akaiweka mahali pengine, wala hakuyapamba maneno ya watoto yafanane na ya kitabu. Hilo ndilo somo lake kwetu: jicho liandike kwanza, akili ifasiri baadaye, na viwili hivyo visichanganywe katika mstari mmoja. Tunapoandika kwamba mtoto ameonyesha ustadi mzuri wa kijamii, hatukuandika kitu. Tunapoandika kwamba alimmegea mwenzake nusu ya ndizi yake bila kuambiwa, tumemwona.

Baada ya hayo nawaeleza ninavyofanya, si kwa kuwa njia yangu ndiyo pekee, bali kwa kuwa nimeijaribu miaka mingi na imenilipa.

Nina kitabu kimoja kidogo chenye mistari, kinakaa juu ya rafu ya jikoni pamoja na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi, na kila mtoto ana kurasa zake humo. Siandiki kila siku. Naandika pale jambo linapokuwa mojawapo ya manne: ama ni jipya, kwamba mtoto hakuliweza juma lililopita, ama limenistaajabisha, ama limenitia wasiwasi, ama ni jambo ambalo mtoto anarudia mno, kwa kuwa anachokirudia mtoto ndicho anachojifundisha. Nikiandika, naandika mistari mitatu kama ile ya gari la taka, na ule wa tatu, wa nitakalolifanya mimi, ndio mizani ya yote. Nikiona sina la kuandika katika mstari wa tatu, basi aghalabu jambo lile halikuhitaji kuandikwa. Limeonwa, limefurahiwa, limekwisha.

Kila juma nina mtoto mmoja ambaye namwelekezea jicho zaidi, nao hupokezana, hata katika mwezi hapana aliyesahaulika. Mlangoni jioni, badala ya kumkabidhi mzazi karatasi, nampa dakika tatu za mazungumzo na kumuuliza la kwake, maana mzazi ana nusu ya kitabu ambayo mimi siioni. Na akinambia jambo zito, naliandika kwa sentensi moja baada ya mlango kufungwa. Picha napiga chache, kwa idhini ya wazazi iliyoandikwa, na kila Ijumaa nazipitia na kufuta nyingi, kwa kuwa picha ya mtoto wa watu ni amana, na sheria ya kulinda khabari za watu inamtaka mwenye kuziweka ajue kwa nini anaziweka na mpaka lini.

Kisha mara tatu kwa mwaka, mwisho wa kila muhula, nakaa na kuandika nusu ukurasa wa kila mtoto. Na hapa nina ada moja ambayo naiusia kwenu kuliko zote: naandika kwanza kwa kichwa, kitabu kikiwa kimefungwa, kisha ndipo nakifungua kulinganisha. Mtoto ambaye kalamu inamtiririkia, huyo namjua. Mtoto ambaye nakaa juu ya jina lake na kichwa hakileti kitu, kengele imelia: huyo sikumtazama, hata kama kurasa zake zimejaa. Mara nyingi huyo ndiye mtoto mpole, asiyelia, asiyegombana, anayekula na kulala kwa wakati, ambaye wema wake wenyewe umemficha machoni mwa mlezi. Juma linalofuata ni lake.

Bidaa sasa. Bidaa ni yale tuliyoyazua sisi wenyewe, au tuliyouziwa, au tuliyoyanakili kwa jirani kwa kuogopa kubaki nyuma: jedwali la visanduku 100 kwa kila mtoto, jalada lililopambwa kwa utepe ambalo mtoto mwenyewe hajui kama lipo, programu ya simu inayokukumbusha kila saa kwamba hujapakia kitu, hata mlezi akala chakula cha mchana na watoto huku amekishika chombo kile baina yake na wao. Sikatai vyombo, mwenye kuona kwamba simu inamharakishia kazi aitumie. Nasema tu kwamba chombo ambacho mtu hulazimika kukitafutia la kukilisha kimemgeuza kuwa mtumishi wake. Na walezi wa nyumbani wanaondoka, mabibi na mabwana. Mwaka 2012 walezi wa nyumbani walioandikishwa England walikuwa zaidi ya 50,000. Mwaka 2024 hawakufika 30,000. Sababu ni nyingi, zikiwamo ujira mdogo na gharama za maisha, wala sitaibebesha karatasi dhambi yote. Lakini nimewaaga wenzangu watatu walioiacha kazi hii, na hakuna hata mmoja aliyenambia kwamba amechoshwa na watoto.

Najua mtaniuliza, na mkaguzi je? Atakapokuja na kunikuta na kitabu kimoja kidogo, atanielewa? Hii ndiyo khofu niliyoitaja mwanzo, nami nimeishi nayo, basi sitaidharau. Jawabu langu ni kwamba mkaguzi huja kutazama na kuzungumza. Atakaa sebuleni mwako aone unavyosema na watoto, kisha ataelekeza kidole kwa mtoto mmoja na kukuuliza: alipokuja alikuwa akiweza nini, sasa anaweza nini, na wewe unakusudia kumfikisha wapi? Maswali matatu haya hayajibiwi na jalada. Yanajibiwa na mtu anayemjua mtoto yule, na aliyemjua atayajibu akiwa amesimama, na bakuli la uji mkononi. Mtaalamu Ferre Laevers wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, aliweka mizani ya daraja 5 kwa mambo mawili tu, ustawi wa mtoto na jinsi anavyozama katika alitendalo, na mizani hiyo haina kipimo kingine ila jicho la mtu mzima aliyetulia. Na hilo ndilo jicho alilolitafuta mama yule wa Kipoland aliposimama mlangoni kwangu.

Kwa sisi tuliozaliwa na lugha nyingine kuna jambo la ziada, nalo si dogo. Mfumo unamtaka mlezi ampe mtoto nafasi ya kuitumia lugha ya nyumbani kwao katika mchezo na kujifunza, na pale inapoonekana kwamba Kiingereza cha mtoto hakikutosha, azungumze na wazazi kujua hali yake katika lugha ile nyingine kabla ya kuhukumu kwamba ana upungufu. Nani basi astahikiye kulifahamu hili kuliko sisi? Tunajua maana ya kuingia katika nyumba ambayo maneno yako hayatumiki. Mtoto wa Kisomali, wa Kipoland, wa Kikongo, ananyamaza kwako mwezi na miezi, na katika visanduku vya orodha kunyamaza kwake kutahesabiwa sifuri. Lakini mlezi mwenye masikio atamuuliza mama, husema nini nyumbani, huimba nini, humwitaje bibi yake, na mistari mitatu ya kitabu kidogo itaanza kujaa.

Bibi yangu, aliyesoma chuo cha Kurani huko Lamu, alinisimulia kwamba mwalimu wao alikuwa akiwaandikia somo kwa wino juu ya ubao, na mtoto akilihifadhi, ubao huoshwa, likaandikwa somo jingine. Mwalimu yule hakuziweka mbao 30 za kila mtoto ukutani ili mgeni ajue kwamba amefundisha. Mgeni akitaka kujua, alimwita mtoto na kumwambia asome. Wala asidhani mtu kwamba mwalimu yule alikuwa hana daftari. Alimjua kila mwanafunzi amefika wapi, anakwama herufi gani, na nani hakufika chuoni tangu jana na kwa nini. Nami naamini kwamba kumbukumbu zetu nyingi zinastahiki kuwa kama maandishi ya ubao ule: zifanye kazi yake, kisha zioshwe, yabaki yale ya faradhi, na ibaki ile nusu ya ukurasa.

Basi nawaombeni jambo moja, dada zangu, na ni la usiku huu huu. Mkifika nyumbani, msifungue jalada. Kaeni, mkiwa na chai au bila chai, mtaje kwa sauti jina la kila mtoto aliyekuwa kwenu leo, na baada ya kila jina mseme jambo moja alilolifanya leo ambalo juma lililopita hakulifanya. Majina yatakayokuja na jambo, shukuruni na mkalale. Na lile jina litakaloning'inia peke yake, bila kufuatwa na neno, liandikeni kwenye kikaratasi, mkiweke mahali mtakapokiona asubuhi kabla ya mlango kugongwa. Kwa kuwa kesho, kabla ya kitu kingine chochote, mtakaa sakafuni karibu ya mtoto huyo, mikono mitupu, mmtazame.